Zambarau za Wakfu

Rukia, mwanangu,

Mwalimu wetu hutufundisha kwamba barua huanza kwa anwani upande wa kulia, kisha tarehe, kisha salamu. Anwani sitaiandika, kwa sababu kwa leo bado ni yetu sote wawili: juu ya zile ngazi za Ndia Kuu, pale mlangoni begi lako lilipo sasa, limefungwa kwa leso ya Bibi kwa kuwa zipu yake imeharibika. Umetoka na Bibi kwenda kuwaaga majirani. Nilisema nibaki nisome. Sisomi. Nataka niandike kabla hamjapanda ngazi.

Mambo ya soksi, ya baridi ya Nairobi, ya kutojibizana na watu wazima, Bibi ameshakwambia, na kesho atayasema tena mpaka gari liondoke. Sitayarudia. Yangu ni mengine, na mengi si ya mtoto wa miaka tisa. Kwa hivyo barua hii sitakupa kesho. Itakaa kwa Bibi, chini ya sanduku lake la leso, mpaka ufike kidato cha nne kama nilivyo mimi. Siku utakayoisoma tutakuwa na umri mmoja, wewe na huyu anayeandika.

Nakuita mwanangu ingawa sikukuzaa. Mimi nawe tumezaliwa na mama mmoja. Mimi alinizaa akiwa mwanafunzi, bila ndoa, na mwanamume aliyehusika hakuja kubisha mlango. Wewe alikuzaa baadaye, ndani ya ndoa, na babako akafariki kabla hujajua kutembea. Ulipokuwa na miaka miwili Mama alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Bibi alikuwa na magoti haya haya mabovu ya leo. Siku ya safari Mama aliniita jikoni akaniambia, "Zuhura, mwangalie mwenzio." Sikujua kwamba maneno mawili yanaweza kukaa miaka saba.

Nikakuangalia. Nilipiga deki nikiwa nimekufunga mgongoni. Niliandika insha zangu nikikubembeleza kwa mguu. Ulipoanza kusema, ulisema "Ma" ukinitazama mimi. Mama akipiga simu ulimwita "Mama wa Simu". Siku moja alikusikia. Akaniuliza, "Zuhura, ni wewe uliyemfunza hivyo?" Nikasema la, na ilikuwa kweli. Lakini sikusikitika, na nadhani sauti yangu ilimwambia.

Bibi alijaribu kukurekebisha. "Huyu ni dadako, mwite Dada." Mbele yake uliniita Dada. Tukiwa wawili ulirudi kwenye "Ma". Nami niliitika, Rukia. Niliitika kila mara.

Sasa Mama ameolewa Nairobi na Bwana Idris, na amekuja kukuchukua. Wewe peke yako. Bwana Idris anajua kwamba mkewe ana mtoto mmoja, aliyemzaa na marehemu mumewe. Mimi ameambiwa ni mdogo wake Mama, mtoto wa mwisho wa Bibi. Kwa hivyo tangu juzi mimi si Ma wala si Dada. Mimi ni khalati wako.

Nina hasira. Naandika wazi kwa kuwa nimechoka kuimeza. Lakini kila nikitaka kumhukumu Mama, hasira yangu inajikwaa mahali, na mahali penyewe ni chini ya ule mzambarau.

Wewe waujua vizuri kuliko chumba chako. Uko nyuma ya ule msikiti mdogo, kwenye kiwanja chenye makaburi ya zamani, na nusu ya matawi yake yamepita juu ya ukuta. Haukupandwa na mtu yeyote aliye hai. Kiwanja hicho ni wakfu wa mwanamke ambaye jina lake limeshafutika kwenye jiwe, na masharti yake yamebaki kwa mdomo tu: ukiwa na njaa, kula, ukiwa na kiu, beba za kutosha kinywaji cha nyumba yako, usitikise tawi, okota zilizoanguka, usiuze. Na atakayetengeneza sharubati ya zambarau zile, jagi la kwanza si lake. Huwekwa barazani pamoja na bilauri, anywe apitaye, awe mwenyeji, mgeni, mchukuzi, au mzungu aliyepotea njia akitafuta Ngome ya Yesu. Mpaka jagi la kwanza liishe, watu wa nyumba hawaonji.

Mama ndiye aliyenionyesha. Hilo nalo lazima uliandikiwe, usije ukadhani alikuwa sauti ya simu tu. Ilikuwa msimu wa mwisho kabla hajasafiri. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri ili tuwawahi kunguru, wewe ukiwa umelala begani kwake. Alitandika leso kuukuu chini, si ya kuangushia, bali ya kupigia magoti, kwa sababu ardhi yote ilikuwa na madoa kama ya wino. Popo walikuwa wamekula nusu na kutema nusu. Mama aliokota moja moja, akiigeuza kwanza.

"Iliyotobolewa iache," alisema. "Hiyo ni riziki ya mwingine."

Jikoni aliziosha, akaziloweka katika maji ya chumvi, akaziponda kwa mkono. Nami nikaleta mchi, nikidhani nasaidia.

"We! Mchi wa nini? Wataka kupasua kokwa? Kokwa likipasuka, uchungu wake hautoki tena, hata umwage gunia la sukari."

"Sasa nitajuaje nimeponda vya kutosha?"

"Mkono utakwambia. Nyama ikiachana na kokwa, mkono hujua."

Alichuja kwa kitambaa cha melimeli, akatia sukari, tangawizi, na hiliki iliyotwangwa. Jagi la kwanza tulilishusha pamoja. Aliyekunywa mwanzo alikuwa mchukuzi wa mkokoteni. Alikunywa bilauri mbili, akafuta mdomo, akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu mwenye mti." Hakumtaja mwenye sharubati. Mama alicheka. Akaniambia ndivyo inavyotakiwa.

Alipokwenda, nilitengeneza peke yangu, na kwa misimu kadhaa nilikosea. Kinywaji changu kilikuwa kitamu mwanzoni, halafu ulimi ukabaki mkavu kama umelamba chokaa. Niliongeza sukari. Nikaongeza tena. Ukakasi haukuondoka, ulijificha tu nyuma ya sukari, ukangoja mtu amalize kumeza. Ilichukua muda kuelewa kwamba niliharakisha kule kuloweka. Chumvi ndiyo inayouvuta ukakasi, nayo hutaka muda. Mimi nilikuwa mtoto mwenye mtoto. Muda sikuwa nao.

Ukakua. Ukawa mwokotaji hodari kuliko mimi, kwa kuwa uko karibu na ardhi. Ulirudi nyumbani na ulimi wa zambarau, kanzu ya zambarau, hata ukosi wa sare ulikuwa wa zambarau, na Bibi akasema, "Mtoto huyu siku moja tutamwanika kwenye kamba pamoja na nguo." Nakumbuka ulivyokuwa ukikaa nyuma ya dirisha la juu, ukiwahesabia wapita njia bilauri zao, ukininong'oneza, "Ma, yule amerudia! Ma, yule hakusema bismillahi!" Siku zile, nikizikumbuka, hazina ukakasi.

Kisha mwaka jana.

Mama alikuwa ameshatoka Saudia na kuolewa Nairobi, na pesa alizokuwa akituma zilikuwa zimekatika. Viatu vyako vya shule vilikuwa vimeachama mbele kama mdomo wa samaki, nawe ulijifunza kuvificha chini ya dawati. Mimi niliona wasichana wa shule yetu wakinunua juisi kule ufukweni Mama Ngina Jumapili jioni, maji yenye rangi tu, na wanalipa. Nikafikiri: sisi tuna kitu kizuri kuliko hicho, kimelala chini, kunguru wanakikanyaga.

Nikafika na ndoo badala ya bakuli. Nikatikisa tawi. Wewe ulisimama na leso yako mkononi, hukupiga magoti.

"Ma, hatutikisi."

"Leo twatikisa."

"Ni za kuuza?"

"Okota, Rukia."

"Ustadhi alisema za wakfu haziuzwi. Alisema ni kama kumwibia maiti."

"Ustadhi atakununulia viatu?"

Uliokota. Nilishinda, na hivyo ndivyo nilivyoshinda, kwa kumfanya mtoto wa miaka minane aone haya kwa ajili ya viatu vyake.

Tulipata chupa tupu kwa yule Bohora tunayenunua kwake sukari na hiliki. Aliuliza za nini, nikamwambia ni za mradi wa shule. Wewe ulikuwa umeshika mkono wangu. Nilihisi vidole vyako vikikaza.

Jambo ambalo sitaki kuliandika ni hili linalofuata.

Nilijua watu watauliza. Mzambarau ule huzaa mapema, wiki kadhaa kabla zambarau hazijafika sokoni, na watu wa Mji wa Kale wanalijua hilo. Kwa hivyo nilikuketisha kwenye ngazi zetu, nikajifanya mteja.

"Sharubati tamu hii, mwanangu. Zambarau za wapi?"

"Za wak..." ukaanza.

"La. Za Kongowea. Mama amenunua sokoni. Haya, tena."

Mara ya pili ulicheka. Mara ya tatu ulitazama chini. Nikakushika kidevu, nikakuinua uso. Nilikwambia, "Usitazame chini, watajua. Mtazame mtu usoni. Tabasamu kidogo. Kisha sema." Nilikuwa mwalimu mwema, Rukia. Mpole, mvumilivu. Nilikurudisha mpaka ukaweza.

Jumapili ile tulisimama kando ya muuza mihogo, yule mwenye kofia ya kuegemea sikio. Alitutania tangu tulipofika.

"Haya mabinti, leo mwauza sharubati au wino?"

"Wino wakuhusu nini, nawe kuandika hujui," nikamjibu.

"Basi nipe chupa moja, nikajifunze."

Watu wakacheka, wakanunua. Kisha akaja mama mmoja wa makamo, buibui limepigwa pasi, harufu ya udi. Alikunywa taratibu. Akakuinamia wewe, si mimi.

"Mashallah, sharubati hii. Zambarau za wapi, mwanangu, na msimu haujaanza?"

Ukamtazama usoni. Ukatabasamu kidogo.

"Za Kongowea, mama. Zimefika leo asubuhi."

"Kumbe! Nami nimetoka huko jana, sikuona hata moja."

"Ziliisha haraka, mama."

Hilo la mwisho sikukufundisha. Ulilitunga mwenyewe, papo hapo, kwa uso ule ule. Yule mama alikupapasa kichwa, akanunua chupa nyingine, akakuombea dua ya elimu. Nami moyoni nilijisikia fahari. Ningependa kuandika neno jingine hapo, lakini ndilo hilo.

Tuliuza Jumapili zote za msimu. Viatu ukapata. Hakuna aliyetukamata, na hakuna aliyetusema msikitini. Nyumbani niliendelea kushusha jagi la kwanza barazani, dogo zaidi, ili Bibi asishuku, na wapita njia wakaendelea kumwombea rehema mwenye mti. Ningetaka pia kukuandikia kwamba niliacha kwa sababu nilitubu. Niliacha kwa sababu zambarau ziliisha.

Nilichokifanya nilikiona baadaye, siku ya kawaida kabisa. Birika la Bibi, lile la shaba alilorithi kwa mamake, lilikutwa limebonyea. Bibi akakuuliza. Nilikuwa mlangoni. Ukamtazama usoni, ukatabasamu kidogo, ukasema, "Paka, Bibi. Nimemwona." Bibi akamlaani paka. Mimi nilikuwa nimekuona ukiliangusha.

Niliondoka nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa meza. Sikukukemea. Ningekukemea nikisema nini? Ule uso niliutengeneza mimi, ngazini, kwa mkono wangu chini ya kidevu chako.

Msimu huu nilirudi kwenye bakuli. Nilikwambia kwa kifupi tu, "Hatuuzi tena." Ukasema, "Haya." Hukuuliza kwa nini, na mimi sikueleza. Hilo ni kosa jingine. Nilidhani ukiacha jambo baya kimya kimya, mtoto ataelewa kuwa lilikuwa baya. Labda ulielewa tu kwamba tulikuwa na viatu tayari.

Sasa nifike juzi.

Mama alitangulia peke yake, Bwana Idris akabaki kwa jamaa zake Majengo mpaka kesho yake. Alipanda ngazi akihema, akamkumbatia Bibi, akakukumbatia wewe, ukakaa mikononi mwake kama kiti. Mimi alinishika mabega, akanitazama sana. "Umekuwa mkubwa," akasema. "Umenipita." Nilikuwa nimengoja miaka saba, na nilikuwa na mengi, lakini nilisema, "Karibu Mama, nikuletee maji?"

Akanifuata jikoni. Zambarau zilikuwa zinalowa. Aliingiza mkono kwenye bakuli bila kufikiri, akaanza kuponda, akiwa bado na bangili zake.

"Waloweka na chumvi. Umekumbuka."

"Nimekumbuka."

"Zuhura, kesho akija, kuna jambo." Mkono wake haukusimama. "Yeye ni mtu mwema, lakini kwao ni watu wa maneno. Kuhusu wewe nilishindwa mwanzoni, nikasema nitamwambia baadaye. Sasa baadaye imekuwa mbali."

"Ameambiwa mimi ni nani?"

"Mdogo wangu."

Nilisikia makokwa yakigongana ndani ya bakuli.

"Basi nikuite nani?"

"Dada. Si kwa muda mrefu."

"Na masomo yangu yakiisha? Nitakuja kwako kama nani?"

Aliendelea kuponda. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na naamini yalikuwa machozi ya kweli. Niliambiwa na Bibi kwamba alipokuwa na mimi tumboni alifukuzwa shule, na wenzake wakawa wanavuka njia wakimwona. Nalijua hilo. Nimelijua tangu nikiwa mdogo. Lakini kujua mzigo wa mtu hakuufanyi wako kuwa mwepesi.

Wewe ulikuwa mlangoni. Alikuona, akafuta mkono, akachuchumaa mbele yako.

"Rukia, mwanangu. Huyu ni nani?"

"Ma," ukasema.

Akafumba macho kidogo. "La. Mbele ya Baba Idris, huyu ni khalati. Dadake Mama. Akikuuliza, wewe..."

"Najua," ukamkatiza. "Namtazama usoni, natabasamu kidogo, halafu nasema."

Mama akageuka akanitazama. "Nani kamfunza haya?"

Rukia, nilikuwa na hasira ya miaka saba tayari mdomoni, na pale pale ilikauka kama ukakasi. Nilichukua kitambaa cha melimeli nikaanza kuchuja.

Jana Bwana Idris akaja. Si mtu mbaya. Alivua viatu kwa adabu, alimbusu Bibi mkono, alikuletea kitabu cha picha. Niliingia na sinia. Jagi la kwanza lilikuwa limeshashuka barazani asubuhi na kuisha, kwa hivyo hili lilikuwa halali yetu. Nikasema, "Dada, mpe shemeji bilauri." Nilimwita mamangu dada mbele ya mamake, na Bibi akatazama nje ya dirisha.

Bwana Idris alikunywa, akakuvuta karibu naye.

"Na huyu aliyetutengenezea kitu kizuri hivi ni nani wako?"

Nilikuwa nimesimama na sinia. Ulimtazama usoni. Ulitabasamu kidogo.

"Huyu ni khalati."

Hukubabaika hata kidogo. Nilihisi kama mtu aliyejisikia akiitwa mtaani, akageuka, akakuta anayeitwa ni mwingine. Nilitaka kwenda jikoni. Lakini Bwana Idris alikuwa bado anazungumza nawe, akijitahidi kupata maneno ya kuzoeana na mtoto.

"Nairobi hatupati kama hizi. Zatoka wapi? Sokoni?"

Ulikuwa na jibu tayari. Nilikupa mimi, na lilikuwa limefanya kazi Jumapili nyingi. Hata Bwana Idris alikuwa ameshakuwekea neno mdomoni. Ungeitikia tu.

Ukatazama chini. Ukazitazama kucha zako, ambazo bado zilikuwa na rangi. Hukutabasamu.

"Si za sokoni," ukasema. "Ni za wakfu. Za kule nyuma ya msikiti. Haziuzwi." Kisha, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani: "Sisi tuliuza mwaka jana. Haikufaa."

Mama alishtuka. Bibi aligeuka kutoka dirishani, akanitazama mimi, si wewe. Bwana Idris aliishika bilauri yake akawa hajui ainywe au aiweke.

"Basi hii yafaa kunywa?" akakuuliza, na aliuliza kwa heshima, kama anavyoulizwa mtu mzima.

"Hii yafaa. Ya barazani imeshatoka."

Akanywa mpaka chini. Akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu mwenye mti." Sijui aliyajulia wapi maneno hayo. Labda kila mahali yapo.

Jioni Bibi alinikalisha. Sikumficha kitu, na sitakuandikia yote aliyoniambia, maana mengine yalinistahili mno. Mwisho alisema, "Na yale mtoto aliyasema mwenyewe? Hakuagizwa na mtu?" Nikamwambia hakuagizwa. Akanipa birika lake lililobonyea nilisugue.

Nimefikiri tangu jana, ndiyo sababu naandika. Kuhusu mimi ulisema ulivyofunzwa, na ulisema vizuri. Sikulaumu. Una miaka tisa na unakwenda kuishi nyumba ya watu. Neno moja likimwangusha Mama litakuangukia na wewe. Lakini kuhusu zambarau hakuna aliyekufunza. Mimi niliacha kimya kimya, ustadhi hakujua, Bibi hakujua. Ulikaa na jambo hilo peke yako mwaka mzima, hadi lilipoachana na kokwa, ukalisema. Nilikuwa nimedhani nimepasua kitu ndani yako kisichochujika tena. Jana niliona sikukipasua.

Kwa hivyo sikuombi useme mimi ni nani wako. Nasikia sauti ya Bibi chini, anapumzika kwenye ngazi ya kwanza kama kawaida yake, nawe wamwambia apande. Nina muda wa mistari michache. Huko Nairobi ukiulizwa, sema unavyoweza, kwa umri utakaokuwa nao. Ukiniandikia, anza na Khalati ikibidi. Nitajua nani anaitwa. Na ukisoma barua hii, ukiwa mkubwa kama mimi leo, ukaona bado hujaniita Dada wala Ma mbele ya watu, usijione mbaya. Mambo haya hutaka muda wa kulowa.

Wewe umeanza kusema kweli kwa zambarau. Mimi nitangoja zamu yangu.

Kesho alfajiri nitashusha jagi kabla gari halijaja. Bilauri yako nitaiacha hapo hapo barazani, kwa maana kesho utakuwa mpita njia, nawe una haki ya kunywa mwanzo.

Salamu nilizokosa kuziweka juu, zote ni zako.

Aliyekuangalia,
Zuhura